Maswali ya Nyumbani: Mana Ilikuwa Kitu Gani?



Mwezi huu tumeletewa swali na mwalimu mmoja afundishaye watoto katika darasa la dini. Asema kwamba alipokuwa akieleza habari za Waisraeli jangwani, kijana mmoja alisimama akasema amesoma kitabuni ya kuwa mana haikushuka mbinguni, bali ni uchafu utokao katika matumbo ya wadudu wadogo wakaao mitini. Wenziwe wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwapo akamkemea kijana yule, akamwamuru anyamaze asije akakufuru. Naye akanyamaza, lakini tangu siku ile hajauliza neno jingine lo lote darasani. Basi mwalimu auliza, Je! nimjibu nini?

Swali hili si jepesi, wala halimhusu mwalimu yule peke yake. Kijana aliyefungwa kinywa hajafundishwa. Swali lake lingali moyoni, na asipopata jibu kwetu atalitafuta kwingine. Kwa hiyo natutazame jambo hili polepole: kwanza jina la mana, kisha vitu vya asili viitwavyo mana hata leo, kisha neno ambalo Maandiko yenyewe yataka tulijue.

Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 16, twasoma ya kuwa Waisraeli walipotoka Misri walifika jangwa la Sini, siku ya 15 ya mwezi wa pili. Huko walishikwa na njaa, wakamnung'unikia Musa na Haruni, wakatamani vyungu vya nyama walivyoviacha utumwani. Asubuhi umande ulipokauka, wakaona juu ya nchi kitu kidogo, chembamba, kama barafu ya alfajiri. Wakaulizana ni kitu gani, maana hawakukijua. Kwa Kiebrania maneno ya swali lao ni man hu, na kutokana na swali hilo chakula kile kikaitwa man. Nasi kwa njia ya Kiyunani tumepokea jina mana.

Wajuzi wa lugha wameliangalia neno hili kwa makini. Kwa desturi Mwebrania akitaka kusema "nini" husema mah, wala si man. Kwa sababu hiyo wengine wadhani kwamba man lilikuwa tayari jina la kitu kitamu kilichojulikana jangwani, na Waisraeli walikuwa wakiulizana, "Je, hii ndiyo man?" Waarabu nao huita mann vitu vitamu viokotwavyo mitini, na katika Kurani pia mann imetajwa pamoja na kware kuwa chakula walichopewa wana wa Israeli. Tena kwa Kiarabu neno mann lina maana nyingine mbili zilizo jirani. Maana moja ni hisani, yaani kipawa apewacho mtu bila kukilipia. Maana ya pili ni kumkumbusha mtu hisani uliyomtendea ili aone haya, jambo ambalo sisi twaliita masimango. Liwekeni neno hili akilini, kwani tutalirudia.

Sasa natuje kwa wadudu. Je, kijana yule alisema uongo? La, hakusema uongo. Katika mabonde ya Sinai umo mti ambao Waarabu huuita tarfa. Si mti mrefu. Matawi yake ni membamba na majani yake ni madogo kama magamba, hata mtu akiutazama kwa mbali aweza kuukumbuka mvinje wa pwani yetu. Katika majira ya joto matone matamu huonekana juu ya matawi yake na juu ya takataka zilizo chini yake. Habari zake ni za kale. Josephus, mwandishi wa historia wa Kiyahudi aliyeishi karne ya 1, aliandika kwamba katika siku zake mana ilikuwa ikishuka bado mahali pale. Mwaka 1483 Bernhard von Breydenbach, padre mkubwa wa mji wa Mainz katika Ujerumani, alipita Sinai katika safari yake ya kuhiji, naye alieleza habari za mana iliyopatikana katika mabonde yale.

Mwaka 1816 msafiri wa Uswisi, John Lewis Burckhardt, alizunguka Sinai akaona desturi za Mabedui. Alieleza kwamba waliokota mana ya tarfa alfajiri, kabla ya jua kupata ukali, kwa kuwa jua likipanda matone huyeyuka. Waliichemsha, wakaichuja kwa kitambaa ili kuondoa majani na mchanga, wakaiweka katika viriba vya ngozi, kisha wakaila pamoja na mkate kama tulavyo asali.

Lakini matone yale yatoka wapi? Watu wengi walidhani ni utomvu wa mti wenyewe. Katika miaka ya 1820 mtaalamu wa Kijerumani, Christian Gottfried Ehrenberg, alimwona juu ya tarfa mdudu mdogo, akampa jina la Kilatini lenye maana ya "mleta mana"; lakini alidhani kwamba mdudu hutoboa tawi tu, na mti ndio utoao utomvu. Ndipo mwaka 1927 Friedrich Simon Bodenheimer na Oskar Theodor, waliotumwa na Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, walikwenda Sinai kuchunguza jambo hili. Wakathibitisha kwamba matone hupita katika mwili wa mdudu mwenyewe. Sababu yake ni hii: maji ya mti yana sukari tele, lakini yana kidogo sana cha kile kinachojenga mwili. Mdudu atakaye kukua hana budi kunyonya maji mengi ili apate kile kidogo, na sukari iliyozidi huitoa nje tone kwa tone. Hewa kavu ya jangwa huyakausha matone hayo yakawa chembe ndogo, nyeupe kwanza, kisha za manjano au za kahawia.

Jambo hili si geni hata kwetu. Nenda ukatazame mwembe au mkahawa ulioshikwa na wadudu wale wadogo wajishikizao chini ya majani. Utaona majani ya chini yanang'aa na kunata, na sisimizi wanapanda na kushuka wakilamba utamu ule. Huku kwetu hewa ina unyevu, basi juu ya utamu huo huota weusi kama masizi. Na huko Ulaya nyuki huuchukua utamu wa namna hiyo katika misitu na kuufanya asali nyeusi, na watu huinunua kwa furaha.

Tena ziko mana nyingine duniani, kila moja na asili yake. Katika milima ya Wakurdi wadudu huacha utamu juu ya majani ya mialoni, nao hukusanywa na kufanywa halua. Katika Uajemi hutengenezwa namna ya halua iitwayo gaz, ambayo kwa asili yake ilitiwa utamu utokao kwa wadudu wa kichaka cha miiba. Katika kisiwa cha Sicily, huko Castelbuono na Pollina, wakulima hukata magome ya mti fulani wakati wa joto. Utomvu wake huganda mweupe kama mshumaa, nao pia huitwa mana. Mana ya Sicily ni dawa ya kale ya kulainisha tumbo. Kutokana na jina hilo dawa mojawapo ya hospitali imeitwa manitoli, ambayo waganga huwatilia wagonjwa mshipani ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Na katika nchi kavu za Asia kuna mimea midogo ikaayo juu ya mawe kama ukoga, ambayo upepo huing'oa na kuirundika mahali pengine. Na katika karne ya 19 watu wa Uturuki na Uajemi wakati wa njaa waliisaga wakafanya mkate.

Baada ya kusikia haya yote, mtu aweza kusema, "Basi, mambo yamekwisha; mana ni utamu wa wadudu wa tarfa." Walakini mwenye haki hupima pande zote mbili za mizani. Natupime.

Upande mmoja mambo mengi yapatana. Mahali ni pale pale, Sinai. Mana ya Biblia ilionekana asubuhi pamoja na umande. Ilikuwa ndogo kama mbegu ya giligilani. Ilikuwa tamu kama kitu cha asali. Na jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Bodenheimer alidhani hata wale mabuu waliotajwa katika habari ile walikuwa sisimizi waliokuja kuula utamu huo.

Upande wa pili mambo mengi hayapatani. Mana ya tarfa huonekana kwa majuma machache tu ya majira ya joto, hasa mwezi wa Juni na wa Julai. Lakini Waisraeli walikula miaka 40, mwaka mzima. Mana ya tarfa haisagiki. Bali katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 11, twasoma kwamba waliisaga kwa mawe ya kusagia, wakaitwanga vinuni, wakaipika vyunguni na kufanya mikate. Mana ya tarfa Mabedui waliiweka muda mrefu bila kuharibika; bali mana ya Musa ilinuka kesho yake, isipokuwa ile ya siku ya sita. Tena mana ya tarfa ni sukari, nayo sukari peke yake haiwezi kuujenga mwili wa mtu. Na hesabu je? Kutoka mlango wa 12 wataja wanaume 600,000 waendao kwa miguu, mbali na watoto. Kipimo cha kila mtu, ambacho Biblia yetu ya Kiswahili imekiita pishi, chakadiriwa kuwa kama lita 2. Hata tukiwahesabu wanaume hao peke yao, ni lita 1,200,000 kila siku. Hakuna mabonde ya tarfa yawezayo kutoa kiasi hicho.

Basi mwalimu mwenzangu, ukiulizwa jambo hili, usikatae habari za wadudu, maana ni kweli na kila mtu aweza kuzihakikisha. Wala usiseme kwamba habari za wadudu zimemaliza habari za Musa, maana hazikuzimaliza. Mwambie mtoto yote mawili. Na akikuuliza, "Je, kitu kikitoka kwa mdudu, chawezaje kutoka kwa Mungu?" mwonyeshe jinsi Maandiko yenyewe yanavyosema. Katika mlango ule ule wa 11 wa Hesabu imeandikwa kwamba kware waliletwa na upepo utokao baharini. Na hata leo kware huvuka Bahari ya Kati kila mwaka, wakafika pwani ya Misri na ya Sinai wamechoka, na watu huwanasa kwa nyavu. Mwandishi hakuona haya kuutaja upepo, wala hakudhani kwamba kuutaja kunampunguzia Mungu heshima. Sisi nasi kila tunapoketi kula twashukuru kwa ugali, ingawa twajua vema ni nani aliyelima, ni mvua gani iliyonyesha, na ni mashine gani iliyosaga. Kujua njia ambayo chakula kimepitia hakumzuii mtu kumshukuru aliyekitoa.

Lakini nataka twende mbele zaidi. Hebu uusome tena mlango wa 16 wa Kutoka, ukahesabu ni maneno mangapi yanayoeleza mana ilitoka kwa nini, na ni mangapi yanayoeleza watu waiokoteje. Utaona ya kuwa asili yake imeguswa kwa maneno machache, bali sheria ya kuiokota imeelezwa kwa urefu: kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake, pishi kwa kila kichwa, msiiache mpaka asubuhi, siku ya sita okoteni maradufu, siku ya saba pumzikeni. Watu wale walikuwa wametoka utumwani. Huko Misri walijenga miji ya kuwekea akiba za Farao, nao walikula kwa amri ya msimamizi. Jangwani walikuwa na shida ya chakula kweli, lakini walikuwa pia na kazi ya kujifunza namna ya kula pamoja kama watu huru.

Wahenga wetu husema, Akiba haiozi. Nayo ni methali njema. Tena Yusufu mwenyewe aliiokoa Misri kwa kuweka nafaka katika miaka saba ya shibe. Walakini jangwani akiba iliyofichwa hemani ilioza. Kwa nini? Si kwamba kuweka akiba ni dhambi, kwani ile ya siku ya sita iliwekwa kwa amri nayo haikuoza. Akiba iliyooza ni ile ya mtu asiyeamini kwamba kesho kutakuwa na kitu, aliyejifichia peke yake kile ambacho kila jirani alipewa sawasawa naye. Akiba ya namna hiyo huanza kunuka ndani ya nyumba kabla haijanuka chunguni.

Tena angalieni neno la pishi. Wazee wetu, kabla ya kupima kwa kilo, walijua kwamba pishi ni vibaba vinne, wakasema haba na haba hujaza kibaba. Twasoma kwamba wengine waliokota nyingi, wengine chache. Lakini walipoipima kwa pishi, aliyeokota nyingi hakuzidiwa, wala aliyeokota chache hakupungukiwa. Wako walimu wa Maandiko wafahamuo kwamba mana yote ilikusanywa mahali pamoja, ndipo ikagawanywa kwa kipimo: kijana mwenye nguvu aliokota kwa ajili ya bibi kizee, na mwenye afya kwa ajili ya mgonjwa. Mtume Paulo naye aliyatumia maneno hayo katika waraka wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, alipokuwa akichanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuwaeleza Wakorintho mana ni kitu gani. Aliwakumbusha pishi.

Na hapa ndipo turudipo kwa neno lile la Kiarabu. Jina lile lile la kipawa laweza kugeuka kuwa masimango. Mvua ikikosa, na nyumba moja ikiwa na gunia mbili na jirani yake hana hata kibaba, je, twampaje? Yuko mtu ampaye jirani unga, kisha kwa muda wa mwaka mzima kila wakikutana kisimani amkumbusha unga ule mbele ya watu. Heri jirani huyo angalilala njaa! Mwisraeli aliyepimiwa pishi lake hakuwa na mtu wa kumsimanga, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema, "Mana hii ni yangu, niliilima mimi." Wote waliikuta chini.

Mana ilikoma, kama tusomavyo katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 5, siku ya pili yake baada ya watu kula mazao ya nchi ya Kanaani, katika nchi tambarare ya Yeriko. Tangu hapo iliwapasa kulima, kupanda na kuvuna. Walakini kipimo kimoja cha mana kilikuwa kimewekwa katika chombo kiwe ukumbusho kwa vizazi vyao. Walichotunza ni pishi moja, kadiri ya ulaji wa mtu mmoja kwa siku moja, ili mtoto akiuliza, aonyeshwe.

Basi enyi baba na mama, jioni moja ya mwezi huu someni mlango wa 16 wa Kutoka pamoja na watoto wenu. Waacheni waulize watakalo, hata habari za wadudu, nanyi wajibuni kweli. Kisha waulizeni ninyi maswali haya matatu: Je, nyumbani mwetu kiko kitu tulichokificha kikaanza kunuka? Je, yuko mtu karibu nasi ambaye pishi lake halijajaa? Na tukimpa, je, tutaweza kunyamaza? Jibu la swali la tatu mtoto atalijua kwa kuwatazama ninyi.

Ni mimi mwalimu wenu.